HOFU YA MWANAFUNZI MGENI
Somo kwa vijana waendao chuoni, na kwa wazazi wao

Kila mwaka, ifikapo Oktoba na Novemba, vijana wengi huziacha nyumba za wazazi wao na kwenda kuanza masomo ya chuo. Katika kisiwa cha Mafia safari hiyo ni ya maji na ya nchi kavu pia, maana kisiwani hapana chuo kikuu. Kijana hufika gati ya Kilindoni na sanduku lake, huvuka hata Nyamisati, kisha hupanda gari mpaka Mbagala na Dar es Salaam. Na wengine huendelea mbele hata Morogoro, Dodoma, Iringa au Arusha. Wazazi hubaki pwani wakikitazama chombo mpaka kipotee machoni, naye kijana hujikaza asilie mbele ya watu. Moyoni mwake mna furaha, lakini mna hofu pia.

Somo letu la mwezi huu ni juu ya hofu hiyo: yatoka wapi, yamdhuruje mtu, na dawa yake ni nini. Mifano yetu tumeitwaa Mafia, lakini kijana wa Usambara au wa Bukoba atajiona humo vile vile.

I. Hofu na kutojua

Miezi hiyo hiyo vijana waondokapo, papa potwe huanza kuonekana katika maji ya Kilindoni, nao huwapo mpaka Februari au Machi. Potwe ni samaki mkubwa kuliko samaki wote wa duniani. Mgeni amwonapo mara ya kwanza, na ule mgongo mpana wenye madoa meupe ukipita chini ya mashua, hutetemeka. Lakini mvuvi wa Mafia hatetemeki. Je, ni kwa sababu yeye ni shujaa kuliko mgeni? Sivyo. Hatetemeki kwa sababu amjua potwe, ya kuwa chakula chake ni vijidudu na visamaki vidogo avichujavyo majini, wala hamli mtu. Samaki ni yule yule na bahari ni ile ile, ila mmoja ana ujuzi na mwingine hana.

Lakini angalieni: mvuvi huyo huyo asiyemwogopa potwe huuogopa mwamba uliofichwa na maji. Huiogopa kusi ivumapo kwa nguvu, tena huogopa mkondo wa bamvua katika mlango wa Kinasi, maji ya ghuba ya Chole yatokapo kwa kasi. Hofu hiyo si unyonge, ni akili. Asiyekuwa nayo hazeeki baharini.

Basi hatumwambii mwanafunzi, “Usiogope kitu.” Neno hilo ni jepesi kulitamka, wala halimfai mtu. Twamwambia hivi: jifunze kupambanua potwe na mwamba. Yako mambo ya chuo yaliyo makubwa kwa macho, nayo hayaumi. Yako mengine yasiyoonekana, nayo ndiyo yavunjayo vyombo. Wengi wa wale washindwao mwaka wa kwanza hawakukosa akili. Waliyakimbia yale ya kwanza, wakayagonga yale ya pili.

II. Hofu nne, na namna ya kuzipima

Ya kwanza ni hofu ya lugha. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza, na akifika chuo husikia mhadhara wa saa nzima kwa Kiingereza cha haraka, kutoka kwa mwalimu ambaye hangoji. Huwatazama wenzake, huwaona wakiandika, naye hufikiri moyoni, “Wote wameelewa ila mimi.” Hofu hiyo ni potwe. Wengi wa wale waandikao hawakuelewa zaidi yake. Nao wamtazama yeye akiandika, wakidhani ameelewa.

Tukumbuke habari ya Mwalimu Julius Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, na lugha ya kwao ilikuwa Kizanaki. Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge huko Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Baadaye alisoma Tabora, na Makerere, na Edinburgh. Kiingereza hakukikuta nyumbani kwa baba yake, alikipata darasani kama wanavyokipata watoto wetu. Lakini mtu huyo ndiye aliyeifasiri kwa Kiswahili michezo ya Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963, na ule wa mfanyabiashara wa Venice mwaka 1969. Lugha haikumjia kwa siku moja, wala haikumjia kwa kuiogopa. Mwanafunzi na awe na daftari ndogo, aandike kila siku maneno matano ya somo lake asiyoyajua, ayatafute maana jioni. Muhula mmoja una majuma yapata 15. Mwisho wake atakuwa na maneno zaidi ya 500, nayo ndiyo maneno yale yale mwalimu ayatumiayo kila siku.

Ya pili ni hofu ya kushindwa. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule yake ya Mafia afika mahali ambapo kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Jaribio la kwanza larudi, naye amepata alama chache kuliko alizozizoea. Hapo hudhani ya kuwa alikuja kwa kosa, na ya kuwa siku moja watu watamgundua. Na hii nayo ni potwe. Jaribio moja si hukumu; sehemu ya alama hutoka katika kazi za muhula, na sehemu katika mtihani wa mwisho; na katika vyuo vingi aliyeanguka somo hupewa mtihani wa marudio. Mwamba ni huu: kuificha ile karatasi chini ya godoro, asiitazame tena, asimwulize mwalimu alikosa wapi. Makosa yaliyofichwa katika jaribio la kwanza huja tena katika mtihani wa mwisho.

Ya tatu ni hofu ya fedha. Hapa yatupasa kusema kwa uangalifu, kwa kuwa wengi wana sababu ya kweli ya kuogopa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwakopesha wengi, lakini si wote, wala si kwa kiasi kimoja. Baba mwenye minazi michache, au mvuvi ambaye bahari imechafuka mwezi mzima, hawezi kutuma fedha kila aombwapo. Kwa hiyo mwanafunzi apatapo fedha za kujikimu, azigawe siku ile ile kwa hesabu ya majuma yaliyobaki, aandike kila matumizi, na sehemu ya mwezi wa mwisho asiiguse. Mwamba mkubwa wa siku hizi umo mfukoni mwake mwenyewe, nao ni kamari ichezwayo katika simu, na mikopo ya haraka iletwayo na simu hiyo hiyo. Ada ya muhula yaweza kumalizika usiku mmoja, na mwenye simu hajatoka kitandani.

Ya nne ni hofu ya mtu mbaya mwenye mamlaka, nayo huwapata hasa mabinti. Walimu wengi wa vyuo ni watu waaminifu. Lakini yuko amwambiaye mwanafunzi ya kuwa atafaulu akikubali kutoa mwili wake, na asipokubali ataanguka. Hofu hii si potwe hata kidogo, ni mwamba mkali, wala haifai kumwambia binti ajikaze tu. Ajue ya kwamba rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa sheria ya Tanzania ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007. Azitunze barua na ujumbe wote alioletewa, asiende peke yake mahali pa faragha, amwambie mtu amwaminiye, na kupeleka habari kwa uongozi wa chuo au kwa TAKUKURU. Mwovu wa namna hii hutegemea neno moja tu, yaani ya kuwa binti ataona haya, atanyamaza. Na wazazi wamwambie mapema, kabla hajasafiri, ya kuwa akileta habari hiyo nyumbani hatalaumiwa.

III. Kunyamaza ndiko kunakokuza hofu

Ukizitazama hofu zote nne, utaona ya kuwa ziko mbalimbali, lakini chakula chao ni kimoja: kunyamaza. Asiyeelewa lugha hunyamaza, aliyeanguka hunyamaza, aliyeishiwa fedha hunyamaza, aliyeonewa hunyamaza. Na kadiri anyamazavyo, huzidi kudhani ya kuwa jambo hilo limempata yeye peke yake.

Wenyeji wa pwani wana neno la zamani kuliko ndege za angani, nalo ni rubani. Leo twamwita hivyo aendeshaye ndege, lakini kwanza rubani alikuwa mtu wa bahari, mjuzi wa mahali, aliyekiongoza chombo kigeni kupita kati ya miamba na mafungu ya mchanga. Nahodha aliyesafiri miaka 30, afikapo maji asiyoyajua, humpokea rubani. Hakuna amchekaye. Wangemcheka kama angekataa rubani akapandisha chombo mwambani.

Historia ya bahari hii yatupa mfano wa jambo hilo. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, jina lake Königsberg, ilijificha katika mito ya Rufiji, mkabala wa Mafia. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuipima mito ile kabla ya vita. Manowari za Waingereza zilikuwa na nguvu nyingi, lakini hazikuweza kuingia. Maji yalikuwa haba, wala njia hawakuijua. Ndipo Januari 1915 wakakitwaa kisiwa cha Mafia, wakarusha ndege kutoka huko, na Julai mwaka ule meli mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, zikaingia na kupiga mizinga zikielekezwa na watu waliotazama kutoka juu. Nguvu nyingi zilisimama nje miezi mingi kwa kukosa ujuzi wa mahali.

Basi mwanafunzi mgeni amtafute rubani wake katika juma la kwanza, asingoje muhula uishe. Si lazima awe mtu mkubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili atosha. Amwendee kwa adabu, aseme, “Shikamoo kaka, mimi ni mgeni, nimetoka Mafia. Naomba unionyeshe maktaba, na namna mlivyolisoma somo hili.” Mara nyingi atajibiwa, “Marahaba, mdogo wangu, pole na ugeni. Hata mimi nilipotea hapa siku nyingi.” Maneno hayo machache yana dawa ndani yake, kwa kuwa mgeni asikia ya kuwa mwenyeji naye alikuwa mgeni.

Wako wataalamu waliolipima jambo hilo. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen wa Marekani walitoa habari katika jarida liitwalo Science. Waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kimoja habari za wanafunzi waliowatangulia, ya kuwa hao nao walipofika waliona mashaka kama wanastahili kuwapo, kisha mashaka yakapungua. Kazi hiyo ilichukua muda wapata saa moja tu. Wakawafuata miaka mitatu, wakaona ya kuwa alama za wanafunzi Weusi, waliokuwa wachache chuoni na wenye mashaka mengi zaidi, zilipanda, na tofauti baina yao na wenzao Wazungu ikapungua kwa nusu. Mwaka 2023 Walton na wenzake walitoa matokeo ya vyuo 22, vyenye wanafunzi zaidi ya 26,000. Wakaona neno lingine la kuangaliwa: maneno hayo yalifaa mahali ambapo chuo chenyewe kiliwapa wanafunzi wa namna yao nafasi ya kweli ya kupokelewa. Palipokosekana nafasi hiyo, maneno hayakufaa sana. Maana yake ni kwamba haitoshi kumwambia mgeni, “Karibu,” kama hakuna kiti.

IV. Upepo na kasia

Sasa tuseme juu ya kudumu. Juma la kwanza kijana huwa na ari nyingi; hununua madaftari, hujiwekea ahadi. Baada ya miezi miwili ari hupungua, naye hudhani ya kuwa ameharibika, au ya kuwa chuo si wito wake. Lakini ari ni kama upepo. Watu wa Mafia wajua ya kuwa kusi ina miezi yake na kaskazi ina miezi yake, na katikati huja shwari, tanga likalegea. Mwenye dau hakai akililia upepo; hutwaa kasia, au pondo kama maji ni haba, naye huenda, ijapokuwa polepole. Kasia la mwanafunzi ni desturi: saa ile ile, mahali pale pale, kila siku, apende asipende.

Desturi tatu zatosha kuanza nazo.

Kwanza, ahudhurie kila mhadhara, hata ule asiouelewa. Aliyekosa mmoja huogopa kuingia wa pili, na aliyekosa miwili huona haya kuingia wa tatu.

Pili, siku ile ile, kabla ya kulala, afunge daftari na kujiuliza, “Leo nimefundishwa nini?” Ajibu kwa maneno yake mwenyewe, kisha afungue atazame alichokisahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kumbukumbu yake na kuandika habari zake mwaka 1885, alionyesha ya kuwa sehemu kubwa ya mambo tujifunzayo hupotea upesi, katika saa na siku za kwanza, na baadaye hupotea polepole. Kwa hiyo nusu saa ya jioni ile ile yafaa kuliko saa nyingi za usiku wa kuamkia mtihani.

Tatu, awe na wenzake watatu au wanne wa kusoma pamoja mara moja kwa juma, na kila mmoja afundishe wenzake sehemu moja. Amfundishaye mwenzake hujua mara moja mahali anapokwama. Tena kikundi humkosa mtu. Asipofika, humwuliza habari. Mwanafunzi asiyekuwa na mtu wa kumkosa aweza kutoweka chuoni mwezi mzima, na habari zisifike kwao mpaka matokeo yatoke.

Zaidi ya hayo, akumbuke ya kuwa kila chuo nacho kilikuwa kigeni siku moja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kionekanacho leo kama mji juu ya mlima, kilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Hakuna aliyewatangulia wale wa kwanza kuwaonyesha njia. Lakini yeye aendaye leo ana waliomtangulia maelfu.

V. Kazi ya wazazi na ya usharika

Wazazi, ninyi mna uwezo wa kuipunguza hofu ya mtoto, tena mna uwezo wa kuizidisha. Mama amwambiapo mwanawe gatini, “Kijiji kizima chakutazama wewe, usituaibishe,” hudhani amemtia nguvu. Kumbe amemtwika mzigo ambao siku ya kuanguka utamfanya anyamaze. Afadhali amwambie, “Ukikwama, tuambie mapema, tutatafuta shauri pamoja.” Na mpigapo simu, msiulize alama na fedha peke yake. Ulizeni, “Umepata nani wa kusoma naye? Juma hili umemwuliza nani swali?” Katika majibu hayo mtajua hali yake.

Kijana akisema ataka kurudi nyumbani, msimkemee, wala msimtumie nauli siku ile ile. Mwombeni akae majuma mawili zaidi, amwone mshauri wa wanafunzi wa chuo, kisha mzungumze tena. Lakini akiwa halali, hali, au asema maneno ya kuchoka na maisha, hapo msingoje majuma mawili. Mtu wa karibu amfuate siku ile, naye apelekwe kwa mganga hospitalini.

Na ninyi washarika mkaao karibu na vyuo, kiti tulichokitaja ni kazi yenu. Mwanafunzi atokaye visiwani hana shangazi Iringa wala mjomba Arusha. Nyumba moja ikimwalika mgeni mmoja chakula cha Jumapili mara moja kwa mwezi, awe Mkristo au Mwislamu, pasipo kumtaka malipo wala neno lolote, gharama yake ni sahani moja ya wali na samaki. Naye atakuwa amepata katika mji ule nyumba moja anayoijua mlango wake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi

1. Katika mambo ya chuo, yapi ni potwe na yapi ni mwamba? Tajeni mawili mawili.
2. Kwa nini mwanafunzi aliyefaulu sana kwao aweza kuogopa kuuliza kuliko mwingine?
3. Kijana wetu aendaye mwaka huu, rubani wake atakuwa nani? Je, tumekwisha kumpa jina na namba ya mtu huyo?
4. Je, mabinti wetu wajua la kufanya wakidaiwa rushwa ya ngono? Nani atawaambia, na lini?
5. Katika usharika wetu, ni nyumba zipi zitakazompokea mwanafunzi mgeni muhula ujao?